Wiki Kumi za Kusomea Haki: Uhakiki wa Kozi ya Mtandaoni

Kozi niliyoimaliza hivi karibuni inaahidi kumfundisha mtu asiye mwanasheria maana ya haki katika sheria, katika historia na katika sanaa zinazopendwa na umma, yote hayo kwa wiki kumi. Kila wiki ina mihadhara minne au mitano ya video, matini za kusoma na maswali ya kuchagua jibu, na katika kipindi chote mwanafunzi huandika insha mbili ambazo husahihishwa na wanafunzi wenzake. Sitaitaja taasisi inayoitoa, kwa sababu sehemu ya malalamiko yangu inatokana na jambo lililonipata mimi mwenyewe, na taasisi hiyo haipo hapa kujitetea. Nilijiandikisha baada ya miaka kadhaa ya kazi ya ukalimani mahakamani, kazi inayomfanya mtu alitamke neno “haki” mara nyingi kwa siku kwa niaba ya watu ambao kila mmoja analikusudia kwa maana yake, na nilitaka kuona kama kozi ingenisaidia kuzitenganisha maana hizo. Imenisaidia, ingawa si kila mahali, na pale iliposhindwa ilishindwa kwa namna ambayo ingefaa kuwa mada ya mmoja wa mihadhara yake.

Wiki mbili za mwanzo zinahusu sheria za kale, na hapa mhadhiri anaonyesha ustadi wake kwa kukataa kuanza na simulizi ambayo wengi wetu tulifundishwa, kwamba binadamu alianza na kisasi, akaendelea hadi fidia, kisha akafika mahakamani. Anaweka mbele ya mwanafunzi nguzo ya jiwe jeusi ya Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 KK, iliyochimbuliwa Susa, katika Iran ya leo, mwaka 1901 na ambayo sasa imo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Juu ya nguzo hiyo, yenye urefu unaozidi mita 2, mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki, na chini yao zimechongwa sheria ambazo kwa hesabu iliyozoeleka ni 282. Jicho kwa jicho limo, lakini mhadhiri anatusomesha pia vifungu vinavyofuata: aliyemharibu jicho mwungwana huharibiwa lake, aliyemharibu jicho mtu wa tabaka la chini hulipa mina moja (kipimo cha uzito cha wakati huo) ya fedha, na aliyemharibu jicho mtumwa wa mwenzake hulipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Kisha anarudi nyuma karne tatu hivi, kwenye sheria za Ur-Nammu, mfalme wa mji wa Ur, na kuonyesha kwamba huko majeraha ya mwili yalilipiwa fedha, kwa maana ya madini yenyewe yaliyopimwa kwa mizani. Fidia, basi, ilitangulia jicho kwa jicho katika maandishi tuliyo nayo. Nilisimamisha video hapo na kuirudia, kwa maana nimewasikia watu wengi wenye elimu wakilieleza jambo hili kinyume.

Kifungu kilichonikaa moyoni ni cha 5, kinachosema kwamba hakimu aliyekata shauri na kuitia hukumu yake muhuri, kisha akaibadili, atalipa mara 12 ya kiasi kilichokuwa kikidaiwa, na ataondolewa katika kiti chake hadharani wala hataketi tena pamoja na mahakimu. Mhadhiri anakieleza kama ulinzi wa aliyeshinda shauri. Mimi nakiona kama ulinzi wa pande zote mbili, kwa kuwa hukumu inayoweza kubadilishwa faraghani haina mshindi wala mshinde, na kila mtu hubaki akiuliza ni nani aliyeingia kwa hakimu usiku.

Wagiriki wamepewa wiki moja tu, na imetosha. Tunapitishwa haraka katika kesi ya Socrates ya mwaka 399 KK, mbele ya raia wapatao 500, na katika tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 KK ambamo Orestes, aliyemuua mama yake kulipiza kifo cha baba yake, anashtakiwa mjini Athens, kura zinalingana, na sauti ya mungu wa kike Athena inamwachia huru. Jambo ambalo mhadhiri amelitilia mkazo, na kwa haki kabisa, ni hatima ya wale mizimu wa kisasi waliokuwa wakimfuatilia Orestes: mahakama haiwafukuzi, bali inawapa makao na heshima ndani ya mji. Hasira ya waliokosewa haiondolewi na hukumu. Hutafutiwa mahali pa kukaa. Baada ya hapo anakuja Aristotle na kipimo chake cha risasi, ile madini laini, kile walichokitumia waashi wa kisiwa cha Lesbos, chenye kujikunja kufuata umbo la jiwe badala ya kulilazimisha jiwe lifuate kipimo, mfano alioutumia kueleza kwa nini sheria ya jumla huhitaji kulainishwa inapokutana na kisa ambacho mtunga sheria hakukiwazia. Nimewaona mahakimu wenye kipimo cha chuma na nimewaona wenye kipimo cha risasi, na laiti mhadhiri angekaa hapo dakika kumi zaidi, maana kipimo kinachojikunja kwa jiwe kinaweza pia kujikunja kwa mkono wa mwenye nguvu.

Wiki ya nne inasimama juu ya mwaka mmoja, 1215, nayo imepangwa kwa akili nyingi. Kila mtu anaufahamu mwaka huo kwa Magna Carta, hati ambayo mfalme John wa Uingereza alilazimishwa na makabaila wake kuikubali, na ambayo ndani yake imo ahadi kwamba haki haitauzwa, haitanyimwa wala kucheleweshwa kwa mtu yeyote. Lakini Novemba ya mwaka huohuo, Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliwakataza makasisi kubariki majaribio ya moto na maji, yaani ule utaratibu wa kumshikisha mtuhumiwa chuma cha moto au kumtosa majini ili Mungu aonyeshe kama ana hatia. Katazo hilo lilizinyang'anya mahakama za Ulaya njia yao ya kumaliza mashauri magumu. Uingereza ikageukia jopo la majirani walioapishwa. Nchi nyingi za bara zikageukia uchunguzi wa hakimu na ungamo la mshtakiwa, na palipotakiwa ungamo mateso hayakukawia kufika. Huu ndio ufundishaji wa historia ninaoupenda, ambapo tukio moja la kanisani linafuatiliwa hadi kwenye chumba cha mahojiano.

Kuhusu ile sanamu ya mwanamke mwenye mizani, upanga na kitambaa machoni, nilidhani nilikuwa ninajua kila kitu. Sikujua kwamba miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya haki iliyofungwa kitambaa ni ule uliochapishwa Basel mwaka 1494 katika kitabu cha kejeli cha Sebastian Brant, ambamo anayemfunga mwanamke huyo macho ni mjinga mwenye kofia ya njuga. Kitambaa kilianza kama dhihaka: haki imefanywa kipofu na wapumbavu wanaojaza mahakama mashauri yasiyo na msingi. Katika miongo iliyofuata dhihaka ikageuka sifa, kipofu akawa asiyependelea. Hata hivyo sanamu iliyo juu ya mahakama ya Old Bailey, London, iliyowekwa mwanzoni mwa karne ya 20, haina kitambaa. Hadi leo wachongaji hawajakubaliana kama tunamtaka mwamuzi asiyeona au anayeona vizuri, na mhadhiri anaiacha hoja hiyo wazi kwa hekima.

Wiki ya tano hadi ya saba ndizo zinazostahili muda wa msomaji kuliko nyingine zote, kwa sababu hapo kozi inaacha kusifu na kuanza kupima. Inaanzia Nuremberg, ambako tangu Novemba 20, 1945 hadi Oktoba 1, 1946 viongozi wa utawala wa Nazi walihukumiwa na majaji wa mataifa manne yaliyoshinda vita. 12 walihukumiwa kifo, 7 vifungo, na 3 waliachiwa. Hawa watatu hutajwa mara chache, ilhali kuachiwa kwao ndiko kunakoitofautisha mahakama na sherehe ya ushindi. Mhadhiri hafichi upande wa pili: makosa mengine, hasa lile la kuanzisha vita, yalitungiwa jina baada ya kutendwa, na hati ya mashtaka iliwabebesha Wajerumani mauaji ya maofisa wa Poland huko Katyn, mauaji ambayo dola ya Kisovieti ilikuja kukiri mwaka 1990 kwamba yalitendwa na vyombo vyake. Miongoni mwa majaji waliokaa kusikiliza shtaka hilo alikuwamo jaji wa Kisovieti. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa mbele ya nyani, na kilichowaokoa majaji ni kwamba katika hukumu yao walinyamaza kabisa kuhusu Katyn. Swali la insha ya kwanza lilikuwa kama ukimya huo ulikuwa haki au aibu. Nitalirudia, kwa kuwa ndilo lililoniletea matatizo.

Kutoka Nuremberg tunahamia Afrika Kusini, kwenye Tume ya Ukweli na Upatanisho iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu na kuanza vikao vyake mwaka 1996. Mwenye kutenda makosa ya kisiasa wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi aliweza kupata msamaha kwa kusema ukweli wote. Maombi yaliyofika yalizidi 7,000 na yaliyokubaliwa yalikuwa 849, takwimu ambayo huwashangaza wanaodhani tume hiyo ilisamehe kila aliyebisha hodi. Familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi, ilikuwa miongoni mwa zilizokwenda Mahakama ya Katiba kupinga utaratibu huo, kwa hoja kwamba unawanyang'anya waliofiwa haki ya kuwafikisha wauaji kortini, na mahakama ikawakatalia. Hapa kozi imefanya jambo jema sana: imeweka hoja za familia mbele ya hoja za tume, ikamwacha mwanafunzi akae nazo kwa siku kadhaa kabla ya mhadhara unaofuata kufunguka.

Halafu ikaja Rwanda, na kwa mtu wa kazi yangu hakuna sehemu iliyoandikwa kwa ajili yake zaidi ya hii. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, magereza ya Rwanda yalijaa zaidi ya watuhumiwa 100,000, idadi ambayo mahakama za kawaida zisingeweza kuimaliza katika uhai wa kizazi hicho. Mahakama za gacaca, zilizoketi kwenye nyasi chini ya waamuzi waliochaguliwa na wakazi wenyewe, zikamaliza kesi zinazokaribia milioni 2 hadi zilipofungwa mwaka 2012, bila mawakili wa utetezi. Wakati huohuo Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwashtaki watu 93 katika uhai wake wote, kwa mawakili, wakalimani na kumbukumbu za kila neno. Kozi inakufanya uziangalie mizani hizo mbili kwa pamoja. Inakusomesha pia sehemu ya hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 2, 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ambamo majaji walitenga kurasa kueleza ugumu wa kutafsiri kutoka Kinyarwanda: neno la kawaida la mdudu lililogeuzwa jina la watu wa kuuawa, na maneno ya staha ambayo mashahidi waliyatumia kuelezea kubakwa. Majaji walitambua kwamba kabla ya kupima ushahidi ni lazima kwanza waujue umesema nini. Nimewahi kusimama kando ya shahidi aliyesema “alinifanyia mabaya” huku wakili akidai neno lenye ncha, nami nikijua kwamba nikiongeza ncha nimedanganya, na nikiiacha hivyo huenda nikamnyima anachokidai. Sikuwahi kuona tatizo hilo likiandikwa ndani ya hukumu.

Baada ya kilele hicho, wiki ya nane ya falsafa ya sasa inapita kama gari la moshi lisilosimama kituoni. John Rawls na pazia lake la kutojijua la mwaka 1971, yaani kuchagua kanuni za jamii bila kujua utakuwa nani ndani yake, wamepata mhadhara mmoja. Amartya Sen na watoto wake watatu wanaogombea filimbi, mmoja kwa kuwa ndiye ajuaye kuipuliza, mwingine kwa kuwa hana kichezeo chochote, na wa tatu kwa kuwa ndiye aliyeitengeneza, wamepata nusu. Kwa yeyote atakayetaka falsafa, hii si kozi yake.

Wiki ya tisa, ya sanaa za umma, ndiyo inayotangazwa zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Si kwamba mifano ni mibaya. Filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1950 kuhusu mauaji yanayosimuliwa kwa namna zinazopingana imechambuliwa vizuri, hasa pale mhadhiri anapoonyesha kwamba mwamuzi haonekani wala hasikiki, mashahidi wanaongea wakiielekea kamera, na hivyo mtazamaji ndiye anayekalishwa kwenye kiti cha hukumu. Imechambuliwa pia filamu ya Sidney Lumet ya mwaka 1957 kuhusu waamuzi 12 waliofungiwa chumbani, na mwanafunzi anakumbushwa kwamba shujaa wake, anayekwenda mwenyewe kununua kisu kinachofanana na cha muuaji, anafanya jambo ambalo mwamuzi wa kweli hakatai kulifanya kwa uvivu bali kwa kukatazwa, kwa sababu ushahidi ambao upande wa pili haukupewa nafasi ya kuuhoji hauna mahali mahakamani. Nilijifunza pia kwamba kipindi cha televisheni cha Judge Judy, kilichoanza mwaka 1996, hakikuwa mahakama bali usuluhishi wa hiari, na kwamba fidia zilizotajwa zililipwa na watengenezaji wa kipindi. Aliyeshindwa hakutoa mfukoni chochote. Mtazamaji ndiye aliyepewa furaha ya kumwona akikaripiwa.

Kinachokosekana ni swali ambalo kozi ilikuwa imelijenga kwa wiki nane: kwa nini sanaa za umma hupenda matokeo na kuchukia utaratibu? Portia wa Shakespeare, ambaye sisi tulimsoma kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere katika *Mabepari wa Venisi*, anasifiwa na mhadhiri kwa werevu wa kumruhusu mkopeshaji Shylock achukue ratili ya nyama ya mdaiwa wake bila tone la damu. Hakuna mahali mhadhiri anapotaja kwamba huyo anayejifanya mtaalamu wa sheria ni mke wa rafiki mpenzi wa mshtakiwa, yaani mtu mwenye masilahi katika kesi anayoisikiliza chini ya jina la uongo, wala kwamba mlalamikaji anatoka humo akiwa amepokonywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Huyo ndiye hakimu tunayempigia makofi. Wala hakuna hadithi za mdomo hata moja. Abunuwasi, aliyelipa deni la harufu ya nyama kwa mlio wa sarafu, alistahili angalau robo saa, maana hukumu yake inafanya lile lile ambalo Aristotle aliliita kusawazisha, yaani kurudisha usawa kati ya pande mbili, tena kwa ucheshi unaoweza kukumbukwa na mtoto.

Neno juu ya lugha. Mihadhara ni ya Kiingereza, na kozi inatoa maandishi ya Kiswahili chini ya video, ambayo bila shaka yametafsiriwa na mashine. Katika wiki ya kwanza mhadhiri anaeleza tofauti kati ya stahili ya mtu mmoja na haki kama sifa ya jamii nzima, na maandishi yakaniambia: “Haki si sawa na haki.” Nilicheka, kisha nikaona kwamba mashine imegusa jambo la kweli. Mwanasheria wa Kirumi Ulpian aliieleza haki kuwa nia ya kudumu ya kumpa kila mtu kilicho chake, na Kiswahili husema hivyo kila siku bila kujua kinamnukuu mtu: mpe haki yake. Zaidi ya hapo, dhuluma ina kitenzi chake kamili, kudhulumu, nacho hutumika majumbani na barabarani. Haki haina, ni lazima itendwe, itolewe au idaiwe. Kitenzi kilichotoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu ni kuhakiki, kuchunguza mpaka jambo lithibitike, ndilo hili ninalojaribu kulifanya hapa. Anayefahamu Kiingereza azime maandishi hayo.

Sasa nije kwenye malalamiko. Insha yangu ya kwanza, ile ya Katyn, ilisahihishwa na wanafunzi watatu nisiowajua. Wawili walinipa alama za juu na maelezo mafupi. Wa tatu alinipa sifuri katika vigezo vyote vitano, na mahali pa maelezo aliweka nukta moja. Wastani ulinishusha chini ya kiwango cha kufaulu kwa alama mbili. Niliandika kwa wahusika nikiomba insha isomwe na mtu mwingine, na jibu lililokuja, ambalo lilikuwa la mashine, lilisema kwamba alama za wanafunzi ni za mwisho. Wiki mbili kabla, kozi hiyohiyo ilikuwa imenifundisha kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa na kwamba uamuzi usio na sababu haustahili kuitwa hukumu. Sidai kwamba alama ya insha ina uzito wa kifungo. Wenye kozi za maelfu ya wanafunzi hawawezi kuajiri msomaji kwa kila ukurasa. Lakini kulazimisha maelezo ya angalau sentensi mbili kabla ya sifuri kukubaliwa ni kazi ya mtaalamu wa programu kwa asubuhi moja. Insha ya pili iliniinua na nikafaulu kozi, nami nilipopewa insha tatu za wengine nizisahihishe nilitumia jioni nzima, labda kwa kujitakia ubora kuliko kwa ubora wenyewe.

Naipa nyota nne kati ya tano. Inamfaa mwalimu wa historia au wa fasihi, mwandishi wa habari za mahakamani, na zaidi ya wote mtu anayefanya kazi mahakamani bila kuvaa joho. Mwanafunzi wa sheria ataiona nyepesi isipokuwa katika wiki ya nne. Inahitaji saa tano au sita kwa wiki, si tatu kama tangazo lake linavyosema. Atakayejiandikisha apakue matini mapema, hasa za wiki ya tano hadi ya saba, kwa sababu mlango hufungwa siku 14 baada ya mhadhara wa mwisho. Mimi nilichelewa, na katika matini zote nilibaki na ukurasa mmoja tu wa tafsiri ya nguzo ya Hammurabi, ule wenye kifungu cha 5.